Fundo Ndani ya Chupa ya Formoli

Nashukuru kwamba Mungu aliniacha nitoke bloku kwa miguu yangu mwenyewe, macho yakiwa bado yanaona uzi na mikono bado haitetemeki. Bloku ndivyo tunavyokiita chumba cha upasuaji hapa Kisangani. Ninyi wauguzi vijana mliobaki humo mliniomba niwaandikie jambo la kazi, na huenda mlitarajia nianze na vyeo. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na sikumbuki hata kimoja kilichomponya mtu. Nitawaandikia kuhusu biopsi, yaani kile kipande kidogo cha mwili tunachokitoa ili kichunguzwe. Hakuna kazi nyingine iliyonifanya nishukiwe kama hiyo, wala iliyonifundisha mimi mwenyewe kushuku kama hiyo.

Mimi ni mtoto wa watu wa Maniema waliohamia mji huu. Baba yangu alifundisha watoto Kurani katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, nami nilisoma hapo pamoja na kaka zangu kabla sijaijua shule ya Kifaransa. Jambo alilolirudia mara nyingi ni kwamba muumini ajiepushe na dhana, maana dhana nyingine ni dhambi. Ukimwona jirani amebeba kuku gizani, alisema, mwombee mchuzi mwema uende zako. Nilikua hivyo, nikiwadhania watu mema. Kisha nikapelekwa kufanya kazi chini ya Papa Amundala.

Papa Amundala alikuwa muuguzi mkuu wa bloku na shemasi katika kanisa lake, mtu mrefu mwenye sauti ya chini kama anayekuambia siri hata anapoomba mkasi. Siku yangu ya kwanza alinitazama nikinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia nimezoea nyumbani, kwa ajili ya swala.

"Bon," akasema, "donc nusu ya kazi ulishajua. Nusu ya pili ni kushuku."

"Kumshuku nani, papa?"

"Yote. Kama chupa iko na jina, shuku jina. Kama uvimbe haiumi, shuku zaidi. Ile ya kuuma inapiga kelele, batu banakimbia hospitali. Ile ya kunyamaza ndiyo inaua mutu."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaanza kazi vizuri, kwa maana nilimshuku yeye.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa biopsi alikuwa mzee mwenye uvimbe shingoni. Nikiwa nampaka dawa ya kusafisha ngozi alinishika mkono wa koti. "Binti," akasema, "ile nyama munatoa, munapeleka wapi?" Nikajibu kwamba inakwenda maabara. "Hiyo maabara iko na mulango? Iko na mutu ndani? Anaitwa nani?" Nikaendelea kumpaka dawa mahali palipokwisha kuwa safi. Miaka yote iliyofuata nilisikia swali hilo kabla ya lile la maumivu. Watu wetu wanavumilia kuumia. Wasichovumilia ni sehemu ya mwili wao kuingia mlango wasioujua, mikononi mwa mtu wasiyemjua, kwa kazi wasiyoelezwa. Katika mji huu zimesimuliwa hadithi nyingi za nywele na kucha zilizotumiwa vibaya, na ninyi mnazijua. Msijifanye mmezaliwa Ulaya mgonjwa anapowauliza.

Basi mwelezeni. Mwambieni kwamba daktari anaweza kuushika uvimbe, kuupima, hata kuutazama kwa mashine ya ekografi, ile inayoonyesha ndani ya mwili, na bado asijue ni nini. Vidole vinadanganywa. Uvimbe wa usaha, wa mafuta, wa kifua kikuu na wa saratani unaweza kufanana chini ya ngozi kama mihogo chini ya udongo. Anayejua ni yule anayetazama chembe zenyewe kwa hadubini, na ili azitazame lazima apelekewe. Kuna sindano nyembamba inayonyonya chembe chache tu, sawa na kunusa mchuzi bila kuuonja. Kuna sindano nene inayochomoa kipande chembamba mfano wa njiti ya kiberiti. Kuna kisu kinachokata kabari ndogo ya uvimbe. Na uvimbe wenyewe ukiwa mdogo, unatolewa wote. Mara nyingi mgonjwa halazwi usingizi. Panatiwa ganzi pale panapokatwa tu, naye atasikia anavutwa lakini hatasikia ukali wa kisu. Mwambieni hivyo kabla. Mtu ambaye hakuambiwa kwamba atavutwa, akivutwa anadhani mmemdanganya katika mengine yote.

Papa Amundala alinifundisha kushika kipande kwa upole, kwa kuwa koleo ikikiminya, chembe zinapondeka na msomaji anaona uji. Kama ni kidonda, daktari akate ukingoni palipo hai, si katikati palipokufa. Kisha kipande kizame mara moja katika formoli, dawa inayozuia nyama isioze, iliyo nyingi kuliko chenyewe, ndani ya chupa ya mdomo mpana. Nyama inaingia chupani ikiwa laini na kutoka ikiwa ngumu. Niliwahi kuona chupa ya dawa ya kikohozi ikivunjwa kwa nyundo ili kumtoa mfungwa aliyeingia humo kwa urahisi. Maji hayafai. Pombe ya mtaani haifai, hata kama aliyeileta anaapa kwamba ni kali. Jina liandikwe kwenye tumbo la chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko huhama chupa kama wapangaji.

Mtasikia pia kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika na kuenea. Msicheke. Anayesema hivyo amemwona jirani yake akikatwa na baadaye kufa. Mara nyingi jirani huyo alikuja amechelewa, na ugonjwa ulikuwa umeshasafiri mwilini kabla ya kisu. Lakini ndugu zake wanakikumbuka kisu, kwa sababu kisu ndicho walichokiona.

Katika miaka hiyo hospitali yetu haikuwa na mtu wa kuisoma nyama. Chupa zilipanda ndege kule Bangboka, kwenye uwanja wetu, kwenda Kinshasa kwa profesa mmoja mwenye subira kubwa na simu mbovu. Nasi hatukuwa na mtu wa kuzipeleka uwanjani. Kwa hiyo tulimkabidhi chupa ndugu wa mgonjwa, naye akaipeleka. Hakuna aliyeona ajabu. Tulifikiri: nyama ni ya kwao, wakiibeba wenyewe watamshuku nani?

Ndipo akaja Mama Alphonsine.

Mama Alphonsine aliuza samaki sokoni, katika komini ya Tshopo, mojawapo ya wilaya za mji wetu. Ukoo wake ni watu wa mtoni, wa upande wa Yanonge, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine. Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu, usiouma, mkubwa kama kokwa ya mchikichi. Alipovua blauzi alituchekesha wote.

"Mama muganga, mi niko na titi mbili, na hii moja inataka kuwa jiwe. Nifanye namna gani? Niuzishe kwa bale ba maçon bajengee nyumba?"

Sisi tulicheka, lakini Papa Amundala hakucheka. Uvimbe ulikuwa umenyamaza.

Alikuja na noko wake, yaani mjomba wake, kaka wa mama yake mzazi. Aliitwa Lokangu, mvuvi mzee aliyeacha kwenda mtoni na sasa alisuka nyavu nyumbani. Katika familia yao mambo ya mwili wa mtoto wa dada huamuliwa na noko. Yeye akikataa, hakuna atakayemsindikiza mgonjwa hospitali wala kumpikia akilazwa. Noko Lokangu alikaa kwenye benchi la mlango wa bloku, hakunisalimu, akauliza jambo moja tu.

"Ile nyama itarudia?" Alimaanisha, itarudi kwao?

Nikamweleza kuhusu Kinshasa, profesa na hadubini. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mi sikuuliza itaenda wapi. Nauliza itarudia?"

Nikamwambia sijui. Ulikuwa ukweli, nao haukumsaidia. Alinitazama kama unavyomtazama muuzaji aliyeweka kidole juu ya mizani.

Daktari Benoît, mpasuaji wetu, alikata kabari ndogo safi kabisa. Niliizamisha katika formoli, nikaandika jina, nikafunga kifuniko na kumkabidhi noko. Ndege ilikuwa ya kesho yake, kwa hiyo chupa ingelala kwao. Nilimwona akipanda toleka, baiskeli ya abiria, chupa ikiwa ndani ya shati juu ya kifua, mikono yote miwili ikiifunika.

Jibu halikuja kwa karatasi. Profesa alipiga simu mwenyewe, naye Daktari Benoît akaiweka sauti ya kusikika kwa wote, labda alitaka tusikie sifa.

"Docteur, mnanitania?"

"Hapana, profesa. Kuna nini?"

"Mmeniandikia titi. Nimekuta misuli mitupu. Nikasema labda kisu kiliingia sana. Nikatazama tena, pembeni kuna gamba."

"Gamba la nini?"

"La samaki, docteur. Nimesoma nyama za watu tangu ujana wangu. Sijawahi kukutana na mama mwenye magamba."

Tangu saa ile bloku yetu ikawa mahali pabaya pa kufanyia kazi. Mkurugenzi aliita kila mtu peke yake. Daktari Benoît aliniuliza, kisha akaniuliza tena kwa maneno mengine, kama nilikula chochote karibu na meza ya vifaa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Sikuwa nimegusa hata maji. Nilimjibu kwa adabu, lakini moyoni nami nilishaanza. Nilimshuku fundi wa usafi. Nilimshuku mtu wa mizigo kule Bangboka, kwa sababu tu aliwahi kunijibu vibaya. Nilishuku maabara ya profesa mwenyewe, nikiwawazia vijana wake wakila mchana juu ya meza ya kazi. Wafanyakazi tuliosalimiana kwa miaka tulianza kuhifadhi funguo mifukoni. Nje, kwenye wodi, wagonjwa walishasikia, na hadithi yao ilikuwa nzuri kuliko yetu: hospitali imeuza titi la Mama Alphonsine na kuweka samaki.

Papa Amundala, aliyekuwa karibu kustaafu, alinikuta nikihesabu chupa tupu bila sababu.

"Salima, ulishashuku batu bote?"

"Mmebaki wewe na Mama Alphonsine, papa."

"Muzuri. Sasa waache batu. Shuku samaki. Ilikuwa mbichi ao ya kupikwa?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Daktari Benoît alimpigia profesa, naye akajibu kwa hasira kidogo kwamba samaki alikuwa mbichi, tena alitiwa chupani akiwa mbichi wa siku ile ile, na formoli yetu ilimhifadhi vizuri sana. Basi hakuwa chakula cha mtu. Na alikuwa ameingia chupani hapa hapa, karibu na mto, kabla ya ndege. Nikaona tena shati la noko, na mikono miwili juu yake.

Hapo chumba cha mbele cha baba yangu kilirudi kichwani. Nilikuwa na dhana juu ya mzee wa watu, na sikuwa na ushahidi zaidi ya shati. Nikimwambia mkurugenzi, angeita polisi, na noko angemwondoa Alphonsine mikononi mwetu siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, uvimbe ungeendelea na kazi yake. Nilifuturu bila hamu, nikamwomba Mungu anipe ulimi ulio mwepesi kuliko shaka yangu. Asubuhi nikabeba bandeji na kwenda Tshopo, maana kidonda cha mgonjwa kilihitaji kusafishwa, na hiyo haikuwa hila, ilikuwa kazi.

Noko Lokangu alikuwa ameketi uani, wavu umelala juu ya magoti yake, anausuka kwa sindano ya mbao. Alphonsine alinikaribisha kwa kelele zake. Nilimsafisha kidonda, nikakifunga, kisha nikasema kwa sauti ya kawaida, nikimtazama yeye na si mjomba wake:

"Profesa amepiga simu. Katika chupa yako hakuona titi. Aliona gamba la samaki. Nimekuja kuuliza kama hapa nyumbani kuna mtu anayeweza kutusaidia kuelewa."

Sindano ya mbao ikasimama. Alphonsine alianza kucheka, kisha akageuka polepole.

"Noko?"

Mzee aliuinamia wavu.

"Noko! Ulituma samaki Kinshasa? Na ndeke?" Ndeke ni ndege, kwa Lingala. "Mi nauzisha samaki kila siku, hakuna hata moja ilishapanda ndeke!"

"Nyamaza, mutoto."

"Sinyamaze! Titi yangu iko wapi?"

"Iko kwenu," noko akasema. "Nilipanda mutumbwi, nikaizika Yanonge, pale kitovu yako iko. Iko salama kuliko wewe."

Kisha akanigeukia mimi. Alizungumza bila kupandisha sauti, na sindano ilikuwa bado imesimama katikati ya tundu la wavu.

"Mama yake, dada yangu, balimukata titi. Hapa hapa mujini. Nikauliza, nyama iko wapi? Banasema, imetupwa. Nikauliza, imetupwa wapi? Banacheka, mama muganga. Bijana kama wewe, na nguo nyeupe. Dada akakufa, tukamuzika na mwili haiko muzima. Sasa munanipa chupa, munasema peleka kwa mutu sijue, nyumba sijue. Nipeleke mara ya pili?"

Mwulizaji wa mlango wa maabara alikuwa amenipata tena, safari hii akiwa na haki zaidi.

Alphonsine ndiye aliyesema, na kicheko chake kilikuwa kimekwisha.

"Donc hakuna mutu anajua ni nini iko ndani yangu. Noko hajue. Mama muganga hajue. Ule wa Kinshasa anajua samaki." Akaweka kiganja juu ya bandeji. "Na jiwe inakomaa."

Nikamwambia ndiyo, inabidi kukatwa tena, na mapema.

"Bakikata tena, nitafanya tena," noko akasema. "Nasema mbele yako, musiseme nimewadanganya. Mi siwaamini."

"Hata sisi, papa, hatukuamini tena."

Lilinitoka hivyo hivyo, na nilidhani nimeharibu yote. Lakini mzee aliniangalia kwa mara ya kwanza bila ukali. Nadhani lilikuwa neno la kwanza la hospitali alilolikubali. Akarudia kusuka. Mimi, kwa kukosa pa kuweka macho, nikatazama mikono yake ikifunga kona ya wavu, na fundo la kona halikuwa kama mengine. Lilipinda, likajirudia, likakaa kama kichwa kidogo cha ndege.

"Hili fundo la kona, papa, kila mvuvi analifunga?"

"Ya kwetu, ya ukoo. Nyavu ikienda na maji, ikiokotwa kule Isangi, naijua kwa fundo. Mutu akisema ni yake, namwambia: funga, nione."

Hapa lazima niwaeleze jambo la bloku. Mpasuaji akitaka msomaji ajue upande gani wa kipande ulikuwa juu mwilini, hukishonea uzi na kuuacha humo. Ni desturi ya zamani, na formoli haiudhuru uzi wala uzi haumdhuru msomaji. Nilikuwa nimeona nyuzi hizo kwa miaka, na mafundo yake yote ni ya daktari. Nikamwuliza noko kama angekubali fundo la ukoo wake liingie kwenye nyama ya mtoto wa dada yake, ili ikirudi ajue ni ile ile. Akasuka matundu kadhaa kabla ya kujibu.

"Itarudia?"

Safari hii sikusema sijui. Nilisema nitamwomba profesa, na kwamba akikataa nitakuja hapa kumwambia kabla kisu hakijashikwa. Profesa alikubali kurudisha sehemu isiyotumika, akaongeza kwamba ile atakayoigandisha katika nta lazima ibaki kwake, ili isomwe tena siku ikitokea shaka. Nilirudi Tshopo na kulisema hilo pia. Noko alisema, "Bon. Kidogo ibaki, lakini mi nijue kwamba ilibaki."

Siku ya kukata, noko alivaa gauni la bloku lililomfika magotini, akasimama mlangoni. Kwanza alimfundisha Daktari Benoît kwa kamba nene. Daktari alikosea, akakosea tena.

"Docteur, vidole yako ni ya kuandika," noko akasema. "Usivute kama unamunyonga mutu. Iache ijirudie."

Alphonsine, akiwa amelala na titi limekufa ganzi, alipaza sauti: "Noko, usimuchokoze! Iko na kisu!"

Papa Amundala aligeuza uso ukutani, mabega yake yakitikisika. Daktari Benoît alikata, akashona uzi mweusi wa hariri kwenye kona ya kipande, akalifunga fundo la watu wa Yanonge kwa koleo mbili, na mzee akalichungulia bila kuligusa. "Iko," akasema. Nilikizamisha kipande mbele yake, nikazungushia kifuniko plasta, naye akachora alama yake juu ya plasta. Sikumpa chupa aibebe wala sikuibeba peke yangu. Tulikwenda Bangboka pamoja juu ya pikipiki moja, chupa ikiwa katikati yetu, kila mmoja akimchunga mwenzake. Profesa tulimwambia: usipoona fundo, usisome. Alinung'unika kwenye simu yake mbovu, "Sasa nisome nyama au nisome nyavu?" lakini aliahidi.

Kungoja kulikuwa kugumu, na nilimshuku kila aliyekaribia simu. Hatimaye karatasi na chupa vilirudi pamoja. Karatasi ilisema ni saratani. Ilisema pia aina yake, na Daktari Benoît alieleza kwamba titi liondolewe upesi, dawa zifuate, na kwamba kwa jinsi kwapa lilivyokuwa safi, bila uvimbe, alikuwa na tumaini la kweli. Alphonsine alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa kitenge chake. Alipomaliza daktari, hakumtazama yeye wala mimi. Alimtazama mjomba wake, kwa kuwa sisi tungeweza kusema tulivyotaka, na neno lilikuwa lake.

Noko hakuigusa karatasi. Alichukua chupa, akaitazama alama yake juu ya plasta na alama ya profesa kandoni mwake, akaenda dirishani. Akaigeuza juu ya mwanga. Kipande kilichobaki kilizunguka polepole, cha kijivu, na uzi mweusi ukazunguka nacho. Aligeuza upande huu, akageuza ule.

"Ni ya kwetu," akasema.

Kisha akaiangalia karatasi mezani kana kwamba imeingia chumbani sasa hivi.

"Basi na hii inasema kweli." Akamgeukia daktari. "Mukate. Lakini titi yote ikitoka, mutafunga fundo, na nitarudia nayo nyumbani."

Ndivyo ilivyofanyika. Alikatwa, akapata dawa zake kwa taabu kama wengi wetu tunavyozipata, akanyonyoka nywele, akazifunga nywele hizo katika kitambaa na kumkabidhi noko, ambaye alijua pa kuzipeleka.

Tangu hapo, katika bloku yetu, chupa haitoki mbele ya macho ya mgonjwa au ndugu yake bila plasta na alama yake, wala haibebwi na upande mmoja tu, uwe wa hospitali au wa familia. Anayetaka kurudishiwa kilichobaki anasema kabla, nasi tunamwambia nini kitarudi na nini hakitarudi. Mpeni kikiwa kimefungwa vizuri na mwonyeni asifungue, kwa maana formoli ni sumu ya macho na pumzi. Si kila familia ina fundo lake. Wengine wameweka ushanga, mama mmoja aliomba tu aandike jina la mtoto wake kwa mkono wake. Profesa amezoea. Mkurugenzi mmoja aliyekuja baadaye aliuliza kama tunaendesha hospitali au ofisi ya posta, na Papa Amundala, aliyekuwa amekuja kututembelea tu, alimjibu kwamba posta hupoteza vitu.

Mmeniuliza kama kazi hii iliniharibia yale niliyofundishwa na baba. Sidhani. Shuku jina, shuku kifuniko, shuku uvimbe ulionyamaza, shuku hata jibu lililokuja upesi mno. Mtu, mwulize. Noko Lokangu alikuwa ameuliza miaka mingi kabla hajakutana nami, na kila aliyemjibu alicheka au alisema hajui. Ningekuwa yeye, na mtumbwi uko tayari, sijui ningefanya nini.

Siku yangu ya mwisho kazini mlinipikia, mkanipa saa ya ukutani, mkahutubu kwa Kifaransa. Baada yenu alikuja Mama Alphonsine kutoka sokoni, blauzi imelowa magamba, sauti yake imetangulia mlangoni. Alinikabidhi kifurushi cha majani, kizito, kinachonukia mto.

"Mama Salima, angalia muzuri," akasema mbele ya wote. "Ya leo iko samaki kweli."

Kifurushi kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa nyavu. Nililitazama fundo kwanza.